Sura ya Sita: Maji Yakigoma Kushuka

Jumamosi asubuhi, bafu la nyumba ya kupanga Umoja au Kayole, mitaa ya Eastlands, Nairobi, hufanya kazi ya vyumba vinne. Watoto huogeshwa humo. Mama fua hukaa humo na mabeseni yake, la kufulia na la kusuza, na kila maji yakichafuka huyamwaga papo hapo sakafuni. Sufuria iliyoshikwa na ugali wa jana husuguliwa humo kwa sababu sinki la jikoni ni dogo au halipo kabisa. Viatu vilivyorudi na tope jeusi la Embakasi huoshwa humo. Mapovu, nywele, nyuzi za blanketi, mchanga, vipande vya sabuni na makombo, yote hayo hutakiwa yapite kwenye tundu moja la sentimita chache.

Vitabu vya ufundi wa maji huanza na hodhi la kuogea, lile la kulala ndani. Huku kwetu hodhi la namna hiyo ni nadra. Bafu la Eastlands ni chumba chembamba chenye vigae au saruji tupu, choo upande mmoja, bomba la manyunyu juu, na sakafu iliyoinama kidogo kuelekea penye wavu. Katika ploti za zamani bafu lenyewe ni la watu wote, liko mwisho wa ua, na anayeingia hubeba ndoo yake na sabuni yake. Kwa hiyo sura hii ni ya bafu la sakafuni. Mwenye hodhi atapata haki yake njiani, kwa kuwa kanuni ni zilezile.

Nitasisitiza jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho: uchafu ulioziba huvutwa juu, hausukumwi chini. Katika nyumba inayosimama peke yake ndani ya ua wake, ukisukuma, taabu utakayojipa ni yako. Katika gorofa ya mtaa wa Pipeline au Tassia, unachokisukuma leo kinakwenda kukaa kwenye bomba la jirani, na kesho asubuhi mama wa chini atafungua mlango wa bafu akute maji yako yamemfikia kwenye vifundo.

Kilichomo ndani

Ukiinua wavu wa bafu lililoziba na kuingiza waya wenye ndoano, kitu cha kwanza kupanda ni kamba nyeusi yenye utelezi, ya kijivu pale sabuni ilipoganda. Ivute polepole, maana ukiifanyia haraka hukatika na nusu yake hurudi chini. Ilaze juu ya gazeti kuukuu, umwagie maji kidogo, uitazame. Utaona nywele za watu, uzi wa rasta, pamba ya blanketi, kona ya pakiti ya shampuu iliyochanwa kwa meno, kifuniko cha dawa ya meno, pengine kiwembe. Mchanga umenaswa humo punje kwa punje. Na vyote vimeshikanishwa na utando mweupe wenye mafuta, ambao ukiusugua kati ya vidole hutoa harufu ya sabuni ya kipande iliyooza.

Kila kimoja kina njia yake ya kufika pale. Sabuni ya kipande hutengenezwa kwa mafuta na kostiki soda. Ikikutana na maji yenye chokaa na magnesi nyingi, haitoi povu. Hugeuka utando usioyeyuka, ukagandama kwenye kuta za bomba. Mifereji inapokauka na watu wakategemea maji ya chumvi ya visima virefu, povu hugoma, na mfuaji hulazimika kuongeza sabuni juu ya sabuni. Sabuni ya unga nayo, ikimwagwa kwenye maji baridi bila kukorogwa vizuri, hubaki chembechembe zinazotua mahali maji yanapopunguza mwendo. Mahali hapo ni penye kona, na ndipo nywele zinaposubiri.

Nywele zinahitaji kuelezwa kwa utaratibu, kwa sababu ndizo zinazofunga kila kitu. Kichwa cha mtu mzima hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku, na hilo ni jambo la kawaida la mwili. Mwenye nywele wazi huzipoteza kidogo kidogo, kwenye kitana, kwenye mto, kwenye taulo. Lakini aliyesuka hazimtoki. Zinang'oka kwenye ngozi, kisha zinabaki zimefungwa ndani ya msuko. Siku anapofumua baada ya wiki sita, nywele zilizokufa tangu asuke hutoka kwa pamoja, elfu mbili au elfu nne kwa hesabu hiyo, na akienda moja kwa moja kuosha kichwa chini ya manyunyu, zote huelekea kwenye wavu ndani ya dakika kumi. Siku ya kufumua ndiyo siku ya hatari kwa bafu. Anayefumua na achanue akiwa amekaa sebuleni, mpaka kitana kipite bila kubeba kitu, azikusanye zile nywele na kuzitupa kwenye pipa, ndipo aende akaoshe.

Uzi wa rasta ni habari nyingine kabisa. Nywele ya binadamu ni protini, na protini huliwa na kostiki soda. Rasta nyingi zinazouzwa katika maduka ya urembo ni nyuzi za plastiki, jamaa wa zile zinazotengenezwa Japani na kampuni ya Kaneka, na plastiki hiyo haijali dawa ya kuzibulia. Unaweza kumwaga pakiti baada ya pakiti; nywele halisi zitalainika, mafuta yatayeyuka, na uzi utabaki umejisokota kwenye kona ukingoja nywele za mwezi ujao. Ukisikia mtu akisema bafu lake huzibuka kwa dawa kisha huziba tena baada ya wiki mbili, karibu kila mara kuna rasta chini yake.

Kona iliyojaa maji

Chini ya wavu, bomba haliendi moja kwa moja. Hushuka, hujikunja kupanda, kisha ndipo huendelea na safari. Mafundi huiita trapu. Maji hubaki katika mkunjo huo wakati wote, kimo chake kama sentimita tano, na maji hayo ndiyo mlango unaozuia uvundo wa bomba la maji taka, na mende, visipande nyumbani. Mskoti mmoja mtengeneza saa, Alexander Cumming, alipata hataza ya choo chenye mkunjo wa namna hii mjini London mwaka 1775, na hadi leo hakuna aliyepata njia rahisi kuliko hiyo.

Mkunjo huo huo unaotulinda ndio unaonasa uchafu, na hilo ni jema. Afadhali kamba ya nywele ikae sentimita thelathini kutoka mkononi mwako kuliko mita kumi mbali, ndani ya zege. Ndiyo maana hasira hunipanda nikimwona fundi anayekuja, akaona trapu imejaa, akaikata na kuweka bomba lililonyooka ili "isisumbue tena". Maji yatashuka vizuri, kweli. Lakini jioni hiyohiyo uvundo wa mtaa mzima utaanza kulala na watoto wako.

Trapu pia hukauka. Desemba familia ikienda ushago majuma matatu, maji ya mkunjo hugeuka mvuke, na mnaporudi Januari nyumba inanuka, mkadhani bomba limepasuka. Mwaga ndoo ya maji polepole na harufu itakwisha. Kabla ya kusafiri, jaza trapu maji safi, funika wavu kwa kipande cha plastiki kilicholoweshwa, ukigandamize kwa ndoo iliyojaa. Mgao wa maji mtaani huleta shida hiyohiyo kwa bafu lisilotumika kila siku.

Limeziba wapi?

Watu wengi huanza na dawa kabla ya kujua ugonjwa uko wapi. Dakika tano za kuuliza zingewaokolea pesa. Kama maji yanasimama kwenye wavu wa bafu peke yake, huku choo kinashuka na sinki la jikoni linashuka, kizuizi kiko kwenye trapu yako au karibu nayo, na unaweza kukitoa kwa mkono. Kama choo nacho kinapanda unapooga, kizuizi kimevuka mahali mabomba yako yanapokutana. Kama hujafungua hata tone la maji na bado wavu wako unabubujika kila jirani wa juu anapofua, tatizo si lako: bomba kuu linaloshuka kutoka gorofa zote, au manholi iliyo uani, ndilo lililojaa. Hapo hata ukivuta nywele zote za dunia kwenye trapu yako hutasaidika.

Kwa hiyo bisha hodi. "Mama Nani, samahani, kwako maji yanashuka?" Swali hilo moja, kwa jirani wa juu na wa chini, ni kipimo kizuri kuliko kifaa chochote. Na anayekaa chini kabisa aulizwe kwanza, kwa sababu maji yanayokosa njia hutokea kwenye tundu lililo chini kuliko yote.

Ikiwa ni trapu yako, hivi ndivyo kazi inavyokwenda. Vaa glavu za mpira. Mle ndani kuna viwembe. Fungua skrubu za wavu, na kama zimeshika kutu, ziache na mafuta kidogo usiku kucha badala ya kuvunja kigae. Punguza maji yaliyosimama kwa kopo mpaka uone mdomo wa bomba. Ingiza vidole utoe kilicho karibu. Kisha chukua waya. Henga ya chuma iliyonyooshwa, ncha yake ikikunjwa ndoano ndogo, hutosha kwa nusu mita ya kwanza. Kilicho bora zaidi ni waya wa breki ya baiskeli: unapinda kwenye kona bila kuvunjika, na ukifumua nyuzi za ncha yake kidogo, zile nyuzi hushika nywele vizuri mno. Usichome. Ingiza taratibu, zungusha upande mmoja tu mara kadhaa mpaka usikie uzito, vuta. Safisha ncha, rudia. Ukiacha kupata kitu mara tatu mfululizo, mwaga nusu ndoo ya maji uone.

Katika trapu nyingine za sakafuni kuna kikombe cha plastiki kinachoinuliwa, na chini yake matope yamelala. Kiinue, kioshe, kirudishe. Wapo waliohangaika miaka bila kujua kwamba kikombe hicho hutoka.

Waya ukishindwa, tumia plunja, yaani kile kikombe cha mpira chenye mpini. Hapa watu hukosea kwa kuishindilia chini kwa nguvu zao zote. Kazi yake kubwa iko katika kuvuta. Acha maji yafunike ukingo wa mpira, paka ukingo vaselini kidogo ushike sakafu, gandamiza polepole utoe hewa, kisha nyanyua kwa ghafla. Fanya hivyo mara kumi na tano, ishirini. Kizuizi kikitikisika na kupanda kidogo, kichukue kwa waya. Mwenye hodhi la kuogea azibe kwanza lile tundu la juu la kupunguzia maji kwa kitambaa kilicholowa. Bila hivyo hewa hupitia hapo na plunja haifanyi lolote. Katika bafu la sakafuni, kama sinki la kunawia limeungwa kwenye bomba hilohilo, nalo lizibwe kwa kitambaa.

Kizuizi kikishatoka, bado kuta za bomba zina mafuta. Hapo ndipo maji ya moto na magadi huingia. Kenya tumebarikiwa Ziwa Magadi, ambako magadi yamechimbwa kibiashara tangu miaka ya 1910, na magadi yaleyale ambayo wengine huweka kwenye maharagwe yaive upesi hukata mafuta vizuri. Koroga vijiko kadhaa kwenye ndoo ya maji ya moto, mwaga polepole, acha robo saa, suuza. Maji yawe ya moto kiasi ambacho mkono hauwezi kuvumilia, lakini yasiwe yanachemka: mabomba ya nyumba za sasa ni ya plastiki ya PVC, ambayo huanza kulainika karibu na nyuzi 80, na kiungo kilichopinda hapo hakirudi.

Vipi kuhusu magadi ya kuokea na siki, ambayo kila mtu huyasifia? Yakikutana hutoa povu la kupendeza, na povu hilo ni hewa ya kaboni inayotoka juu. Kinachobaki ni maji yenye chumvi hafifu. Si asidi tena, si magadi tena. Huondoa harufu kidogo. Nywele haziguswi. Ukitaka kutumia kimoja, tumia magadi peke yake.

Kostiki soda ina nguvu kweli, na sikatai kwamba imewahi kuzibua. Hugeuza mafuta kuwa sabuni na kuyeyusha nywele halisi. Ninachopinga ni kuimwaga juu ya maji yaliyosimama. Ikishindwa kupenya, sasa una beseni la maji yanayochoma ngozi hadi nyama, na mtu wa kwanza kutumbukiza mkono ni fundi ambaye hujamwambia, au mtoto. Ikimwagwa kavu, yaweza kuganda ngumu ndani ya kona na kuwa kizuizi kibaya kuliko cha kwanza. Na jambo linalosahaulika katika jikoni zetu: sufuria zetu nyingi ni za alumini. Kostiki soda hula alumini, ikachemka na kutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto. Kama lazima uitumie, iyeyushe kwenye ndoo ya plastiki, ukitia soda ndani ya maji, kamwe si maji juu ya soda, dirisha likiwa wazi na macho yakiwa yamefunikwa.

Kuna kosa moja linalotisha zaidi. Mtu anamwaga jiki, haisaidii. Anafuatisha dawa ya choo yenye asidi, au asidi ya betri aliyopewa gereji. Jiki na asidi vikikutana hutoa gesi ya klorini, ileile iliyoachiliwa na jeshi la Ujerumani dhidi ya askari huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Bafu la Eastlands lina dirisha dogo, mara nyingine halina kabisa. Dawa moja ikishaingia, nyingine isiingie siku hiyo. Ukisikia harufu kali inayobana koo, toka, funga mlango, na usirudi kumalizia kazi.

Bomba la wote

Ikiwa majirani wamekuambia nao wamezibiwa, tazama chini, kwenye manholi, na utazame pia nyuma, kwenye historia ya mitaa yenyewe. Buruburu ilijengwa kwa awamu kuanzia 1973, kwa fedha za shirika la maendeleo la Jumuiya ya Madola, nyumba ya familia moja kwa kila kiwanja. Umoja ya kwanza ilifuata muongo huohuo kwa msaada wa Marekani. Dandora, mradi wa Benki ya Dunia na Baraza la Jiji ulioanza 1975, uligawa viwanja kama 6,000. Mwenye kiwanja alipewa choo na bafu vilivyokwisha kuungwa kwenye maji na bomba la maji taka, kisha yeye mwenyewe ajenge vyumba kuvizunguka. Naupenda mradi ule kwa jambo hilo: ulianza na bafu, ukaacha ukuta umalizwe na mwenyewe. Bomba lililozikwa lilipimwa kwa watu wa wakati ule. Leo juu ya viwanja vingi vya Umoja na Dandora zimesimama gorofa nne, tano, sita, na mabomba ya barabarani mengi ni yaleyale.

Ongeza mgao wa maji. Nairobi hutegemea zaidi bwawa la Ndakaini lililokamilika 1994, na mitaa ya mashariki huhesabu siku zake za kupata maji. Siku kavu, kidogo kinachomwagwa hakina nguvu ya kubeba mchanga na mafuta, vinatua njiani. Usiku maji yakirudi, ploti nzima inaamka kufua, mapipa yanajazwa, sakafu zinaoshwa, na mafuriko ya saa tatu yanapita juu ya kila kilichotua kwa siku nne. Bomba linashindwa, na wa chini anapata maji ya wote. Masika nayo yana kisa chake: mahali ambapo maji ya paa na ya ua yameelekezwa kwenye manholi ya maji taka, mvua kubwa moja hujaza bomba ambalo halikujengwa kwa ajili ya mvua.

Manholi ya ndani ya ploti ni jukumu la mwenye nyumba. Bomba kuu la barabarani ni la Kampuni ya Maji na Maji Taka ya Nairobi, ambayo hupeleka yote hayo Kariobangi na kwenye mabwawa ya Ruai. Kujua mpaka huo hupunguza mabishano. Piga picha ya manholi inayofurika, tarehe ionekane, umpelekee kareteka, yaani msimamizi wa ploti, kwa ujumbe wa maandishi badala ya kumpigia tu. Katiba ya 2010, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya usafi wa mazingira wa kiwango kinachofaa, na Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inahesabu mfereji mchafu unaohatarisha afya kuwa kero ambayo afisa wa afya anaweza kuamuru irekebishwe. Mpangaji anayelijua hilo huzungumza bila woga, na bila matusi.

Vijana wa mtaani wanaokuja na fimbo za kuzibulia hufanya kazi nzuri, nami nawaheshimu. Wanaingiza mikono pale wengine tunapoziba pua. Waambie mambo mawili. Wafanye kazi kutoka manholi ya chini kuelekea juu, na kinachotoka wakichote kwa ndoo, wasikisukume hadi manholi inayofuata. Na asiingie mtu ndani ya manholi ya kina, hata kwa dakika moja, hata kuokota fimbo. Gesi inayokaa mle, haidrojeni salfaidi, hunuka yai bovu mwanzoni, kisha ikizidi huua uwezo wa kunusa, na mtu huanguka akidhani hewa imesafika. Anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake.

Kuzuia

Kazi yote niliyoeleza hapo juu hupungua kwa wavu mdogo wa pili, wa matundu membamba, uwekwao juu ya ule wa chuma. Maduka ya vifaa vya ujenzi huuza wa chuma cha pua na wa plastiki, na bei yake haifiki ya kilo ya nyama. Ukikosa, kipande cha chandarua kuukuu kilichokunjwa mara mbili na kubanwa kwa waya hufanya kazi ileile kwa muda. Kila aliyeoga auinue, autingishe kwenye pipa, aurudishe. Watoto hujifunza jambo hili upesi wakionyeshwa mara moja ile kamba nyeusi ya kwenye gazeti.

Mama fua naye azungumziwe kwa adabu, kwa kuwa mara nyingi analaumiwa kwa bomba ambalo hakuliziba. Mpe ungo wa plastiki au kitambaa cha kuchujia maji ya kwanza ya blanketi na zulia. Humo ndimo pamba inamojaa. Maji ya viatu na ya kupigia deki yatulie kwenye ndoo kwa nusu saa, juu yamwagwe, tope la chini likatupwe nje. Mafuta yaliyobaki kwenye kikaango yafutwe kwa karatasi kabla ya kuosha. Mara moja kwa mwezi, ndoo ya maji ya moto na magadi.

Katika bafu la ploti lenye watu wengi, wavu huibwa au huinuliwa na anayetaka maji yashuke haraka. Nimeona ploti zilizofaulu: wavu umefungwa kwa skrubu, bisibisi iko kwa mpangaji mmoja anayeaminika, zamu ya kusafisha imeandikwa mlangoni kwa chaki, na pipa la taka liko hatua moja kutoka bafuni. Pipa ndilo linaloamua zaidi. Likiwa mbali, kiwembe na pakiti ya shampuu havifiki huko.

Na ikiwa umefanya yote, trapu ni safi, wavu upo, maji ya majirani yanashuka, na bado bafu lako hushuka kwa kusuasua, tafuta kosa la ujenzi. Jaza mtungi wa lita 20 na uumwage wote kwa mara moja. Maji yakizunguka vizuri kisha yakabaki dimbwi upande wa ukutani, sakafu imeinama vibaya. Yakijaa na kushuka polepole bila sauti, yaelekea bomba halina mteremko wa kutosha. Bomba la inchi mbili linahitaji kushuka kama sentimita mbili na nusu kwa kila mita, na fundi atalipima kwa pima maji palipo wazi, mara nyingi kwenye dari ya bafu la jirani wa chini. Yakishuka huku trapu ikiguguma na kunyonya, hewa haina pa kuingilia: mwambie mwenye nyumba afungue bomba la hewa lililofunikwa juu ya paa, au alirefushe lipite kimo cha mabati.